Kabla Hujalipia Friji, Angalia Sufuria Yako na Tokeni Zako

Kuna swali moja ambalo wateja wetu hutuuliza kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu: "Nimenunua friji mwezi uliopita, mbona sasa tokeni zinaisha haraka hivi?" Anayeuliza huwa na wasiwasi kwamba pesa imekatwa mara mbili, au kuna malipo yaliyopotea njiani. Tukiangalia naye ujumbe mmoja baada ya mwingine, malipo huwa yako sawa. Kilichobadilika ni kile kisanduku kipya pale jikoni, ambacho hakilali usiku wala mchana.

TV unazima ukienda kulala. Pasi unatumia dakika 20 kwa wiki. Friji ikishaingia kwa nyumba inakaa imewashwa miaka 8, 10, hata zaidi. Bei iliyoandikwa pale dukani utailipa mara moja, au mdogo mdogo mpaka iishe. Stima yake utailipa mpaka siku utakayoitoa. Kwa hivyo kila kitu unachoongezewa na muuzaji, iwe ni mlango wa pili, bomba la maji ama taa za rangi, lazima ujiulize: hiki kitafanya kazi gani kwa nyumba yangu, na kitakula uniti ngapi?

Hatutakuambia ununue friji ya kampuni gani. Tutakueleza jinsi ya kuisoma friji kabla hujaweka PIN.

Nani anakula, na mnapika vipi?

Wengi huanza kwa kuuliza lita. Sisi tunaona ni heri uanze na sufuria. Chukua wiki moja ya kawaida, si wiki ya Krismasi, na ujiulize ni chakula gani hasa huharibika kwa nyumba yenu, na ni kipi mngependa kuweka lakini hamwezi.

Ukikaa mtaa ambao mama mboga yuko mlangoni kutoka asubuhi mpaka saa tatu usiku, huhitaji nafasi kubwa ya mboga. Sukuma na dhania unanunua za leo, zinapikwa leo. Nyanya zikiwa bado ngumu, vitunguu, viazi na ndizi hazifai hata kuwekwa kwa friji. Viazi vikipata baridi wanga wake hugeuka sukari, na ndizi huwa nyeusi maganda. Kwa mtu kama huyu friji ni ya maziwa, nyama ya siku mbili, mabaki ya jana na maji baridi. Lita 50 hadi 100 zinatosha kwa mtu mmoja wa bedsita. Watu wawili au watatu huwa sawa na lita 120 hadi 200. Familia ya watano kwenda juu ndiyo inaanza kuhitaji 220, 250, hata 350 kama mnanunua chakula cha wiki nzima kwa siku moja.

Kuwa macho na namba yenyewe. Friji huweza kuwa na ujazo wa aina mbili kwa karatasi yake: ujazo wote wa ndani, na ujazo unaotumika kweli ukishatoa nafasi ya rafu na droo. Muuzaji atakutajia ile kubwa. Ukilinganisha friji mbili, hakikisha unalinganisha ujazo unaotumika kwa zote mbili, la sivyo utalipia lita ambazo hakuna chombo kitakaa.

Na kabla hata ya lita, kama umepanga, uliza mwenye nyumba. Kuna ploti ambazo stima iko ndani ya kodi na friji hairuhusiwi. Kuna zingine zina mita ndogo za kibinafsi na uniti inauzwa kwa bei anayopanga mwenye ploti. Hiyo hesabu ya tokeni tutakayofanya huko mbele, ifanye kwa bei yako wewe, si ya jirani aliye na mita yake.

Friza: hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea

Tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi hukosea hapa.

Nyumba nyingi za Kenya hazihitaji friza kwa sababu ya nyama. Zinaihitaji kwa sababu ya maharagwe. Kuchemsha maharagwe, mahindi ya githeri au ndengu kila mara unapotaka kula ni gesi nyingi, na kila mtu anajua vile mtungi wa kilo 6 hukuishia katikati ya kupika. Ukichemsha kilo 2 kwa siku moja, tuseme Jumapili, ukagawa kwa vyombo vidogo na kugandisha, unatumia moto mara moja na kula wiki nzima. Hapo friza inaanza kujilipa yenyewe.

Lakini piga hesabu ya nafasi. Maharagwe makavu yakiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili, kwa hivyo kilo 2 zinakuwa karibu kilo 5. Hizo ni kama mikebe sita au saba ya lita moja. Kile kisanduku kidogo cha barafu kilicho juu ndani ya friji ya mlango mmoja hakiwezi kubeba hiyo, hata usipoweka nyama. Mtu wa kuchemsha kwa wingi anahitaji friji ya milango miwili, friza ikiwa na mlango wake, ya lita 40 au zaidi. Mtu asiyechemsha kwa wingi akinunua hiyo, atakuwa anagandisha hewa na kuilipia.

Sasa, kuna jambo la nyota ambalo huchanganya watu sana. Kwenye friji utakuta nyota za aina mbili, na hazina uhusiano.

Za kwanza ni nyota ndogo zinazochorwa kwa mlango wa friza, zenye umbo kama la chembe ya theluji. Hizi zinakuambia baridi ya friza inafika wapi. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sufuri, na chakula kilichoganda kinakaa siku chache tu. Mbili ni nyuzi 12 chini ya sufuri. Tatu ni 18 chini ya sufuri, na hapo chakula kinakaa miezi. Nne ni baridi ile ile ya 18, lakini friza ina nguvu ya kugandisha chakula kibichi kutoka mwanzo, si kuhifadhi tu kilichokuja kimeganda. Kama mpango wako ni ule wa maharagwe ya Jumapili, tafuta nyota nne. Friji nyingi ndogo za mlango mmoja zina moja au mbili, na mwenye nazo hubaki kulalamika kwamba nyama imeharibika "na ilikuwa kwa friza."

Nyota za pili ziko kwa lebo ya matumizi ya umeme. Kenya ina sheria ya lebo hizi tangu mwaka 2016, zinasimamiwa na EPRA, na friji ni kati ya vifaa vinavyotakiwa kuwa nazo. Moja ni ya chini, tano ni ya juu. Friji mpya ikiwa dukani bila hiyo lebo, uliza kwa nini. Lakini pia usidanganywe nayo: nyota hizi hulinganisha friji na wenzake wa aina na ukubwa wake. Friji ya lita 350 yenye nyota nne inaweza kula uniti nyingi kuliko ya lita 120 yenye nyota mbili. Nyota zinafaa ukishaamua ukubwa, si kabla.

Inayoganda barafu au isiyoganda?

Kwa boksi utaona maneno "Direct Cool" au "No Frost." Ya kwanza ni ile friji ya zamani tunayoijua: ukuta wa friza unapoa wenyewe, na polepole unashika barafu mpaka inabidi uizime, uiache iyeyuke, upanguse maji. Ya pili ina feni inayosambaza hewa baridi, na kuna kifaa kidogo cha joto kinachoyeyusha barafu chenyewe mara kwa mara. Maji yanashuka kwa kisahani nyuma na kukauka.

Isiyoganda ni raha, hatukatai. Baridi yake pia inaenea sawa rafu zote. Lakini ina vitu vingi zaidi vya kuharibika, bei yake iko juu, na ile feni pamoja na kile kifaa cha joto huongeza matumizi ya stima ukilinganisha na friji ya ukubwa uleule inayoganda. Tena hewa yake hukausha chakula. Sukuma iliyoachwa wazi hunyauka, ugali unakuwa jiwe. Lazima kila kitu kifunikwe.

Inayoganda ni rahisi, inakula kidogo, na ikikutana na stima inayopotea potea inavumilia. Ubaya wake ni mwenye nyumba. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita hivi, inakuwa kama blanketi: kompresa inafanya kazi zaidi kwa baridi ileile, na tokeni zinaenda. Halafu kuna kisu. Tunawaomba sana, msichokoe barafu kwa kisu, bisibisi wala kitu chochote chenye ncha. Nyuma ya ule ukuta mwembamba kuna mirija ya gesi. Ukiitoboa, gesi inatoka, na kuiziba na kujaza tena huwa kazi ghali ambayo mafundi wengi hawaidhamini. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, ambayo ni aina ya butane na inashika moto. Ikitoboka, usiwashe kiberiti wala jiko. Zima stima, fungua madirisha, ita fundi. Njia ya kuondoa barafu ni kuzima, kuweka sufuria ya maji moto ndani, na kungoja.

Kama unajijua hutakumbuka kuyeyusha barafu kila mwezi au miwili, na una uwezo, nunua isiyoganda. Kama unaweza kujipangia, inayoganda itakutunzia pesa. Na kama kuna mtu nyumbani anayetumia insulini, tungeegemea ile yenye feni kwa sababu baridi yake haina sehemu za kushtukiza. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda hata mara moja haifai tena. Kwa friji ya mlango mmoja, rafu iliyo chini tu ya kisanduku cha barafu, au inayogusa ukuta wa nyuma, inaweza kushuka chini ya hapo bila wewe kujua. Weka rafu ya kati, na ununue kipimajoto kidogo cha friji.

"Ni inveta, hata stima ikienda inaendelea"

Hapana. Hii tumeisikia mara nyingi sana mpaka tunaona ni vizuri tuiandike wazi. Neno inveta kwa friji halina uhusiano wowote na inveta ile ya sola na betri. Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Kompresa ya inveta inaweza kwenda polepole, kama gari lililo na gia, kwa hivyo inakaa ikizunguka kwa nguvu kidogo badala ya kushtuka kila mara. Inakula stima kidogo na haina kelele, jambo zuri kwa bedsita ambapo unalala mita mbili kutoka kwa friji. Lakini stima ikipotea, inazima kama nyingine yoyote. Na bodi yake ya umeme ikiungua, si kila fundi wa mtaani anaiweza. Uliza waranti ya kompresa ni miaka mingapi, kisha uulize waranti ya bodi. Mara nyingi hizo mbili hazilingani, na kwa tangazo ni moja tu inayoandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna herufi zingine ndogo ambazo hakuna muuzaji atakuonyesha. Ziko kwa kibandiko cha nyuma au cha ndani: SN, N, ST au T. Zinaonyesha friji ilitengenezwa kufanya kazi kwa joto gani la chumba. N inaishia nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Ukiwa Mombasa, Garissa, Lodwar, au hata kwa nyumba ya mabati Kisumu ambapo jikoni mchana hakukaliki, tafuta T. Ya N itazunguka mchana kutwa bila kufikia baridi, na wewe utafikiri imeharibika.

Watu wa Limuru, Kinangop na Nyahururu nao wana shida yao, kinyume kabisa. N, ST na T zote zimepangwa kuanzia nyuzi 16. Chumba kikishuka chini ya hapo usiku, friji yenye kipimo kimoja tu cha baridi inadhani kazi imeisha, kompresa inapumzika kwa muda mrefu, na friza inaanza kuyeyuka. SN huenda mpaka nyuzi 10. Kuna nyingine zimeandikwa SN-T, yaani zinavumilia ncha zote mbili, na ukiipata kwa bei nzuri hiyo ni nzuri kwa mtu anayehama hama kikazi.

Hesabu ya tokeni

Tafuta kwa lebo au kwa kijitabu namba ya kWh kwa mwaka. kWh moja ndiyo uniti moja ya tokeni zako. Kama imeandikwa kwa saa 24, zidisha kwa 365. Usichukue zile wati zilizoandikwa nyuma ya friji ukazidisha kwa saa 24, kwa sababu kompresa haikai imewaka muda wote, na utajitisha bure.

Halafu tafuta bei yako halisi ya uniti. Fungua ujumbe wa tokeni za mwisho ulizonunua, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopewa. Tuseme umepata shilingi 28, kodi zote zikiwa ndani. Hiyo ni ya mfano, yako inaweza kuwa juu au chini.

Friji ya kwanza inakula 150 kwa mwaka, yaani uniti 12 na nusu kwa mwezi, kama shilingi 350. Ya pili inakula 300 kwa mwaka, uniti 25, shilingi 700. Tofauti ni 350 kwa mwezi, 4,200 kwa mwaka. Kwa miaka 8 ni 33,600. Kwa hiyo friji iliyokuwa na bei nafuu kwa shilingi 6,000 pale dukani inaweza kukugharimu friji nyingine nzima. Hapa ndipo zile za mitumba, hasa kubwa na za zamani, huwashika watu: bei ni ya kuvutia, lakini kompresa imechoka na mpira wa mlango umelegea. Ukienda kuangalia ya mitumba, funga noti ya shilingi 100 kwa mlango kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi pia inatoka hivyo hivyo. Jaribu juu, chini na pembeni.

Kuna kitu kingine kwa hesabu hii. Tangu bei zilizoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa makundi kulingana na matumizi: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa juu ya 30 mpaka 100, na wa zaidi ya 100. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Ukipanda kundi, bei ya kila uniti inapanda, si ya zile uniti za ziada pekee. Sasa fikiria nyumba iliyokuwa inatumia uniti 22. Friji ya uniti 12 na nusu inaipeleka 34 na nusu. Mwezi wa kwanza hawahisi sana. Baada ya miezi kadhaa, pesa ileile ya tokeni inaleta uniti chache kuliko zamani, na ndipo tunapigiwa simu kwamba tumekata pesa. Nyumba iliyokuwa inatumia 15 ingebaki chini ya 30 na friji hiyohiyo. Kwa hivyo kabla ya kununua, jumlisha uniti ulizonunua miezi mitatu iliyopita, ugawanye kwa tatu, kisha uongeze za friji unayoitaka. Taarifa yako ya malipo kwa simu ina siku na kiasi, huna haja ya kukumbuka kwa kichwa.

Wengine hujaribu kuokoa tokeni kwa kuzima friji usiku. Tunaelewa mbona, lakini ukiizima saa nne usiku na kuiwasha asubuhi, inabidi ifanye kazi ya ziada kurudisha baridi iliyopotea. Unachookoa ni kidogo, na wakati huo maziwa na nyama vimekuwa juu ya nyuzi 5, pale ambapo vijidudu huanza kuzaana. Utaokoa zaidi ukiisogeza mbali na jiko na jua, ukiacha nafasi ya kama sentimita 10 nyuma, na ukiweka baridi katikati badala ya namba ya mwisho. Nyuzi 4 kwa friji na 18 chini ya sufuri kwa friza zinatosha.

Stima ikipotea

Friji iliyofungwa hutunza baridi kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, mradi msifungue fungue kuangalia kama imeyeyuka. Kwa mtaa ambao stima hupotea kila wiki, kujaza nafasi tupu ya friza kwa chupa za maji ni busara. Zikiganda zinakuwa betri yako ya baridi. Acha nafasi juu ya chupa, maji yakiganda yanapanuka.

Hatari kubwa huja stima inaporudi, ikirudi na nguvu isiyo sawa. Nunua kifaa cha kulinda friji, kile ambacho hukatiza umeme ukiwa juu au chini sana na kungoja dakika chache kabla ya kuruhusu kompresa kuwaka tena. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya kompresa. Kiweke kwa bajeti ya friji tangu mwanzo, na uchomeke kwa soketi ya ukutani, si kwa ile ekstensheni iliyobeba TV, simu na birika.

Vitu ambavyo unaweza kuacha

Bomba la maji mlangoni: ni tangi la kujaza mwenyewe, si chujio, na linahitaji kuoshwa. Jagi hufanya kazi ileile. Skrini na intaneti: kama huna mpango nazo leo, hutakuwa nazo kesho. Kioo cha nje: kizuri, lakini alama za vidole. Kufuli, kwa upande mwingine, huwa tunaitetea. Nyumba ya kushiriki, au yenye watoto wa kufungua kila dakika tano, kufuli inatunza maziwa na tokeni pia.

Sasa ulipe vizuri

Mpango wa lipa mdogo mdogo una faida yake, lakini usiangalie ile namba ndogo ya kila siku. Izidishe. Mfano: friji ya shilingi 32,000 taslimu, ama dipoziti 5,000 na 110 kila siku kwa mwaka. Hiyo 110 mara 365 ni 40,150. Ongeza dipoziti, ni 45,150. Umelipa 13,150 zaidi. Labda ni sawa kwako, kwa sababu biashara yako ya maziwa inahitaji friji sasa na italipa. Labda si sawa, na ungeweza kuweka ile 110 kando kwa akaunti ya akiba ukanunua taslimu baada ya miezi kumi hivi. Uamuzi ni wako, bora uone hiyo 13,150 kabla. Uliza pia yatakayotokea ukikosa kulipa siku saba, na kama friji inaweza kuchukuliwa ukiwa umebakisha kidogo. Majibu hayo yawe kwa maandishi.

Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu umeona picha ya friji mtandaoni "na imebaki moja tu." Lipa kwa namba ya biashara, na jina likitokea kwa simu kabla ya kuweka PIN, lisome. Kama duka linaitwa vingine na jina lililotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Hakuna friji inayouzwa haraka kiasi hicho. Omba risiti yenye namba ya friji yenyewe, ile iliyo kwa kibandiko cha nyuma, kwa maana waranti hufuata namba hiyo. Ujumbe wa malipo usiufute, upige picha ya skrini na uutume kwa barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini, simu hupotea.

Ikifika, isafirishwe imesimama. Kagua mlango, rafu na kibandiko mkiwa na dereva hapo hapo, kabla ya kutia sahihi. Kama ililazwa njiani, iache imesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwa kompresa, tena ukingoja mpaka kesho si neno. Washa ikiwa tupu, subiri ipoe, ndipo uingize chakula. Na siku hiyo, andika namba iliyo kwa mita yako. Baada ya siku 30 iangalie tena, utajua kama lebo ilisema ukweli.